Dar hadi Iringa kwa Coaster: kupanga safari ya vijana na matembezi yake ya pembeni

Kilomita 500 za Dar es Salaam hadi Iringa si kitu kwa dereva mzoefu. Kinachoangusha safari za vijana ni matembezi ya pembeni: maporomoko ya Sanje, korongo la Isimila, makumbusho ya Kalenga. (Ukiyaita michepuko kwenye barua ya wazazi, jiandae kupokea simu.) Kila tembezi huandikwa kwa mstari mmoja kwenye ratiba, kana kwamba gari litasimama, vijana watashuka, watapiga picha na kupanda tena. Halafu tembezi la saa mbili linakula saa tano, na mlima Kitonga unapandwa gizani nyuma ya malori.

Mpango ulio hapa chini ni wa vijana 16 wenye umri wa miaka 14 hadi 17, walezi watatu na madereva wawili, kwa siku sita, kipindi cha likizo ya Juni au baada yake hadi Oktoba. Masika, kuanzia Machi hadi Mei, usiipeleke safari hii: njia za Udzungwa, hifadhi yaliko maporomoko ya Sanje, zinateleza na mito inajaa.

Panga kwa saa za mwanga

Mwanga unatosha kuanzia saa 12:30 asubuhi hadi 12:30 jioni hivi. Weka sheria moja isiyojadiliwa: ikifika saa 11 jioni gari limeshaegeshwa mahali pa kulala. Hiyo saa moja na nusu inayobaki si ya kutembelea kitu. Ni akiba ya pancha, foleni ya mizani na lori lililolala barabarani.

Mabasi yanaruhusiwa kwenda kilomita 80 kwa saa barabara kuu, na 50 kwenye makazi yenye vibao. Barabara hii ina vijiji vingi, kwa hiyo ukijumlisha vituo vya choo na chakula utapata wastani wa kilomita 40 hivi kwa saa. Programu za ramani kwenye simu hukupa muda wa gari dogo lisilosimama. Chukua muda huo, ongeza theluthi yake, ndipo uandike kwenye ratiba.

Ratiba yenyewe

Siku ya kwanza ni Dar hadi Mang'ula, penye lango la Udzungwa, kilomita 365 hivi. Ondokeni saa 11:30 alfajiri. Mkichelewa hadi saa 1 mnaingia foleni ya Kimara na Kibaha, na hiyo saa moja na nusu hairudi. Chai Chalinze, kama kilomita 110, saa 2:15. Morogoro saa 4:20, choo na dizeli. Mikumi mjini saa 6:40, chakula cha mchana dakika 45. Hapo mnaacha barabara kuu na kushika njia ya Kidatu. Mang'ula mnafika saa 9 au saa 10 kasoro. Siku hiyo msitembelee kitu chochote. Vijana watalalamika, wape mpira wa miguu.

Siku ya pili ni Sanje pekee. Siku ya tatu mnarudi Mikumi na kupanda Iringa, kilomita 255. Ondokeni saa 1 asubuhi mpite Kitonga kati ya saa 5 na saa 6, mkiona kila kitu. Kabla ya kuingia mjini simameni dakika 20 kwenye mnara wa Lugalo, palipopiganwa vita ya tarehe 17 Agosti 1891, Wahehe walipolivunja jeshi la Kijerumani la Emil von Zelewski. Siku ya nne ni Isimila na Kalenga. Siku ya tano mnashuka hadi Morogoro na kulala. Siku ya sita ni kilomita 195 tu, mnaingia Dar mchana, wazazi wakiwa macho na daladala zikiwepo.

Wengi huunganisha siku ya tano na ya sita ili kuokoa gharama ya kulala. Iringa hadi Dar kwa mkupuo ni saa 11 au 12, na saa mbili za mwisho, zilizo mbaya kuliko zote, zinamwangukia dereva aliyechoka ndani ya foleni ya jioni. Kama fedha ni finyu kweli, futa Kalenga na mrudi siku moja mapema, lakini Morogoro mlale. Njia nyingine ni vijana kupanda treni ya SGR kutoka Morogoro, iliyoanza kubeba abiria katikati ya mwaka 2024 na hufika Dar kwa muda usiozidi saa mbili, huku Coaster ikirudi na mizigo. Pigeni hesabu ya tiketi kwanza.

Gari: hesabu viti vya kudumu

Coaster inayotangazwa kuwa ya watu 29 inahesabu pia viti vya kukunja vinavyoziba njia ya katikati. Ukiviondoa unabaki na viti kama 22 au 23, pamoja na cha dereva. Ndiyo maana kundi hili ni la watu 21. Viti vya kukunja havifai kwa safari ndefu: mgongo hauna pa kuegemea, mara nyingi havina mkanda, na ajali ikitokea ndivyo vinavyowazuia waliokaa nyuma kutoka.

Buti ya Coaster ni ndogo. Mpe kila mtu kikomo cha begi moja laini lisilozidi kilo 8, na kibegi cha mgongoni cha kukaa nacho. Masanduku magumu yenye magurudumu yakatazwe tangu kwenye barua. Mzigo wa juu ya keria uwe mwepesi, ufunikwe turubai na kufungwa kamba. Mzigo mzito juu unaifanya gari iyumbe kwenye kona.

Mkataba na mwenye gari uandikwe, na uwe na mambo haya:

1. Namba ya usajili ya gari. Bila hiyo, gari uliloonyeshwa siyo litakalokuja.
2. Majina ya madereva wawili na nakala za leseni zao, daraja C linalolingana na idadi ya abiria. Dereva mmoja hatakiwi kuendesha zaidi ya saa 8 kwa siku, na siku ya kwanza pekee inazidi hapo.
3. Kila tembezi la pembeni kwa jina na kilomita zake. Dereva asiyeandikiwa Sanje atadai nyongeza mkiwa Mang'ula, na hapo hamna pa kukimbilia.
4. Nani analipa dizeli, maegesho, posho na malazi ya madereva. Malazi yao mlipe ninyi, na wapate vyumba vya kweli. Dereva anayelala ndani ya gari kesho yake anasinzia.
5. Gari likiharibika, lingine lifike ndani ya saa ngapi, na kwa gharama ya nani.
6. Malipo kwa awamu: theluthi moja mkisaini, theluthi asubuhi ya kuondoka baada ya ukaguzi, theluthi mkirudi.

Leseni ya LATRA (mamlaka ya usafiri wa nchi kavu) ya kubeba abiria wa kukodi na stika ya bima viangaliwe kabla ya malipo ya kwanza. Bima unaweza kuihakiki kwa namba ya gari kwenye mfumo wa TIRA (mamlaka ya bima) mtandaoni. Kazi ya dakika mbili.

Ukaguzi siku mbili kabla

Mlete fundi wenu, si wa mwenye gari. Aanze na matairi. Ubavuni pa tairi, mwisho wa maandishi ya DOT, kuna tarakimu nne: 2319 maana yake wiki ya 23 ya mwaka 2019. Tairi lililozidi miaka sita likataeni hata kama kashata zake bado ni nene, kwa sababu mpira hukauka kwa ndani na hupasuka likipata moto, na joto la Ruaha Mbuyuni mchana si la mchezo. Magurudumu ya nyuma ni pacha: fundi alale chini aone la ndani, maana kipara hufichwa huko.

Kisha breki, usukani, maji ya rejeta na mpira wa feni. Kupanda Kitonga na abiria ni mtihani wa mfumo wa kupoza injini. Gari "linalochemsha kidogo tu" mjini litazimika pale. Hesabu mikanda, kiti kwa kiti, kila mmoja uvutwe na kufungwa. Tairi la akiba liwe na upepo, jeki iwe inayoweza kuinua Coaster iliyopakia, spana ya nati iwepo, pembetatu mbili za kuakisi, na mtungi wa kuzimia moto ambao mshale wake uko kwenye kijani. Mwisho endesheni kilomita 20, pamoja na kilima kimoja.

Fedha

Kilomita zote, pamoja na matembezi, zinafika 1,210. Ongeza asilimia 10 ya kupotea, kutafuta chakula na kurudi kufuata koti lililosahaulika: 1,330. Coaster ya dizeli kwa tahadhari hesabu kilomita 6 kwa lita, hivyo lita 220 hivi. Bei kikomo ya mafuta hutangazwa na EWURA (mamlaka ya nishati na maji) kila Jumatano ya kwanza ya mwezi, na hupanda kadiri mnavyoondoka Dar, kwa hiyo tumieni bei ya Iringa katika makadirio. Jazeni Morogoro, Mikumi na Iringa. Msisubiri taa iwake.

Viingilio vya hifadhi hulipwa kwa namba ya malipo ya serikali, si taslimu mkononi. Viwango vinatofautiana kwa umri na uraia: beba nakala za vyeti vya kuzaliwa au vitambulisho vya shule vya wote, la sivyo mtalipishwa kiwango cha juu. Wiki nne kabla, peleka barua rasmi ya shule au kikundi kuuliza utaratibu wa wanafunzi na kuomba waongozaji. Fungu la dharura liwe asilimia 15 ya bajeti yote, lishikwe na mlezi mmoja kwenye simu na sehemu ndogo taslimu kwa mwingine. Mtandao wa simu ukikata, pesa za simu ni picha tu.

Vijana, ridhaa na afya

Barua ya ridhaa itaje kila tembezi kwa jina, hasa yenye maji na milima. Mzazi anayekubali "safari ya Iringa" hajakubali mwanawe apande Sanje. Fomu ya afya iulize mambo mahususi: pumu, kifafa, mzio, selimundu (sikoseli), dawa anazotumia na saa zake. Selimundu inahitaji uangalizi wa pekee kwenye njia hii. Iringa iko karibu mita 1,550 juu ya usawa wa bahari, usiku wa Juni na Julai ni baridi kali kwa mtoto wa Pwani, na baridi pamoja na upungufu wa maji huweza kuamsha maumivu. Daktari wake aamue kabla, si mlezi njiani.

Kati ya walezi watatu lazima wawepo mwanamke na mwanamume, na mmoja awe na mafunzo ya huduma ya kwanza. Vyumba vya wasichana na wavulana viwe mbali, na mlezi asikae peke yake chumbani na kijana mmoja. Namba ya 116, simu ya msaada kwa watoto, iandikwe kwenye kadi ya kila kijana pamoja na 112 ya polisi.

Sanduku la dawa: ORS pakiti 20, paracetamol, dawa ya kichefuchefu cha safari, bandeji, gozi, glovu, plasta nyingi za malengelenge, pedi. Dawa za malaria msibebe za kugawa. Mwenye homa apimwe. Andikeni hospitali kwa mpangilio wa njia: ya mkoa Morogoro, Mtakatifu Kizito Mikumi, Mtakatifu Fransisko Ifakara kwa walio Mang'ula, na ya mkoa Iringa.

Nguo: sweta nzito na soksi kwa Iringa, suruali ndefu na viatu vya kufunga kwa Udzungwa. Vyote viwili kwenye begi moja la kilo 8, inawezekana.

Ndani ya gari

Mlezi kuhesabu vichwa kwa kidole hakufai. Mmoja amelala kafunikwa na koti, mwingine amehama kiti, na jumla inatoka sawa kwa bahati mbaya. Mpe kila kijana namba, 1 hadi 16, aitamke mwenyewe kwa zamu. Namba isipoitikiwa, gari haliwashwi. Fanyeni hivyo kila kituo, hata cha dakika tano za choo, maana ni vituo vifupi vinavyoacha watu. Juu ya hapo, kila namba ina mwenzake wa kumlinda.

Walezi wagawane: mmoja mbele karibu na dereva, akiangalia saa na mwendo; mmoja katikati; mmoja nyuma kabisa. Wa mbele ana mamlaka ya kumwambia dereva apunguze, na hilo dereva aambiwe mbele ya bosi wake siku ya mkataba. Madereva wabadilishane kila baada ya saa tatu au nne, si mpaka mmoja achoke.

Wanaotapika wakae mbele, wale kidogo, wanywe dawa saa moja kabla ya kona, yaani kabla ya kuondoka Mikumi kwenda Kitonga. Mifuko ya plastiki ya kubebea imepigwa marufuku nchini tangu Juni 2019, kwa hiyo bebeni ndoo mbili za lita 5 zenye mfuniko. Ni bora kuliko mfuko wowote.

Kati ya Morogoro na Mikumi mjini barabara inakata Hifadhi ya Mikumi kwa kilomita kama 50. Tembo, twiga na swala huonekana bila kulipa kitu, na hapo ndipo vijana hupiga kelele wakitaka kushuka. Hairuhusiwi kushuka. Madirisha yabaki nusu, vyakula vifichwe kwa sababu ya nyani, na dereva ashike mwendo wa vibao: kugonga mnyama kuna faini, na tembo hagongwi, ni yeye anayekugonga.

Kitonga iko baada ya Ruaha Mbuyuni. Kupanda: zimeni kiyoyozi, gia ndogo, msiovateki malori kwenye kona hata yakitambaa. Mshale wa joto ukipanda, egesheni penye nafasi na msifungue kifuniko cha rejeta kikiwa cha moto. Hatari kubwa zaidi iko siku ya tano, mkishuka. Dereva anayeshika breki mfululizo anazipasha moto hadi zinapoteza nguvu, kanyagio linazama na gari halisimami. Ashuke kwa gia ileile ambayo angepandia, agonge breki kwa vipindi. Ukisikia harufu ya kuungua, simamisheni mahali salama kwa dakika 30.

Sanje

Udzungwa, hifadhi tangu 1992, haina barabara za magari ndani. Ni ya miguu. Maporomoko ya Sanje yana mita kama 170 na kwenda na kurudi huchukua saa nne kwa mwendo wa wastani. Mwongozaji ni lazima. Ondokeni Mang'ula saa 1 asubuhi, taratibu za kuingia zimalizike saa 2, na tangazeni saa ya kugeuka: saa 5. Popote mlipo saa 5, hata kama sauti ya maji inasikika, mnageuka. Bila saa hiyo, kundi huvutwa na wenye nguvu, na wachovu huteleza wakati wa kushuka, miguu ikiwa haina breki.

Mwongozaji mbele, mlezi nyuma ya wa mwisho, na anayetembea polepole kuliko wote awe wa pili kutoka mbele ili mwendo uwe wake. Maji lita 2 kwa kila mtu, karanga, ndizi. Suruali ichomekwe ndani ya soksi kwa ajili ya siafu. Mbega wekundu wa Udzungwa hawapatikani porini popote kwingine duniani. Nyamazeni dakika tano mtawaona. Kuogelea chini ya maporomoko kuamuliwe na mwongozaji siku hiyo, kwa wanaojua kuogelea tu, wanne kwa wakati, mlezi akiwa amesimama ukingoni. Mawe yenye ukungu wa kijani ndiyo yanayovunja mikono.

Isimila na Kalenga

Isimila iko kilomita 20 hivi kutoka Iringa kwa barabara ya Mbeya. Kalenga kama 15 kwa barabara ya Hifadhi ya Ruaha. Ni pande mbili tofauti, mnapita mjini katikati, kwa hiyo chakula cha mchana kiwe mjini. Anzeni na Isimila saa 2 asubuhi. Kushuka korongoni katikati ya nguzo za udongo mchana wa saa 7 ni kujichoma bure. Tengeni saa mbili na nusu. Zana za mawe za kale zimelala pale chini kama kokoto. Hakuna anayeokota hata moja. Kagueni mifuko kwa utani kabla ya kupanda gari, na muwe mnamaanisha.

Kalenga ilikuwa ngome ya Mtwa Mkwawa, mtawala wa Wahehe, hadi Wajerumani walipoiteka mwaka 1894. Makumbusho ni madogo, na fuvu lake, lililorudishwa kutoka Ujerumani mwaka 1954, limo ndani. Waandaeni vijana jioni ya jana yake: ni mabaki ya mtu, na ndugu zake wapo. Ulizeni kuhusu picha kabla ya kutoa simu. Saa moja na nusu inatosha.

Tembezi likikwama

Kila tembezi liwe linaloweza kufutwa bila kugusa lile linalofuata. Ndiyo sababu hakuna tiketi inayotegemea tembezi la siku iliyotangulia. Uamuzi wa kufuta ni wa mlezi mkuu peke yake, na sababu tatu zinatosha bila kikao: mvua kubwa usiku uliopita Udzungwa, kijana mwenye homa, au kuchelewa zaidi ya saa moja na nusu.

Gari likiharibika, vijana washuke upande wa pori, si wa barabara, wasogee mbali na gari, pembetatu ziwekwe mbele na nyuma hatua 50. Hesabu ya namba. Kisha simu kwa mwenye gari, na saa iandikwe, kwa sababu kifungu cha tano cha mkataba kinaanza kuhesabika hapo. Wazazi wapate ujumbe mmoja kutoka kwa mtu mmoja aliyebaki Dar. Simu za vijana zikiwahi kutuma habari, ajali ya pancha itafika Mbagala ikiwa imepinduka mara tatu.

Mkifika Dar, theluthi ya mwisho ilipwe baada ya kukagua chini ya viti na keria ya juu, na kila kijana asainiwe na mzazi au mtu aliyetajwa kwenye fomu. Dawa za vijana zirudishwe mkononi mwa mzazi, pamoja na maelezo ya dozi ya mwisho ilitolewa saa ngapi.